Maputo ya Asubuhi, Maputo ya Mchana

Wamalawi waliposikia tunamwita Mama Maputo walidhani ametokea Msumbiji. Sokoni Lilongwe niliwahi kumwona mtu akimsalimia kwa Kireno cha kubahatisha, naye akamjibu kwa Kichewa chake kibovu kwamba hapana, zikomo, yaani asante, yeye ni mtu wa Fizi, Kongo, na maputo ni haya hapa. Akatoa moja mfukoni, akalipuliza hadi likawa kubwa kama papai, akalifunga uzi, akamkabidhi yule bwana na kuondoka kabla hajashukuriwa. Neno lenyewe alilipata Tanzania, alikokaa kambini kabla ya kuvuka kuja huku. Sisi wengine wa Uvira na Fizi tunasema balo. Hata yeye akiwa na haraka alisema balo, na haraka hiyo ilikuwa karibu kila siku.

Kazi yake ilikuwa kupamba. Harusi, ubatizo, mahafali ya shule, sherehe za kuwaaga waliopata safari ya kwenda kuishi nchi za mbali, zote zilipitia mikononi mwake. Wapambaji wengine wa Dzaleka, kambi yetu hapa Malawi, walitegemea vitambaa. Yeye alisema kitambaa kinataka mtu akae ashone, na kukaa kunamuumiza mgongo. Kwa hiyo alitegemea hewa.

Mimi nafundisha fizikia katika shule moja ya sekondari hapa kambini. Nilisoma kwa Kifaransa, nafundisha kwa Kiingereza, na mwanafunzi asipoelewa namfuata nje wakati wa mapumziko namweleza kwa Kiswahili. Mpambaji alikuwa jirani yangu. Nyumba zetu zilishirikiana ukuta mmoja wa matofali ya udongo, na nilimjua kwa masikio kabla sijamjua kwa uso. Kulikuwa na pampu ya mguu, fii, fii, fii, kisha kimya kifupi cha kufunga uzi, kisha pampu tena. Pampu iliponyamaza kabisa, nilisikia kitanda kikivutwa. Alikihamisha kitanda chake kutoka pembe hii hadi ile, na baada ya siku chache akakirudisha. Mke wangu alipomuuliza kilikuwa na kasoro gani pale kilipokuwa, alisema hakikuwa na kasoro, ila alikichoka.

Alikula akitembea. Ukimkaribisha nsima, ugali wa huku, alinawa, akamega tonge, akaenda nalo hadi mlangoni kuangalia nani anapita, akarudi kuchovya mboga. Kanisani aliimba kwa sauti nzuri kuliko wote katika safu yake, lakini mchungaji akianza mahubiri ungemwona anachungulia dirisha, na kabla ya amina ya mwisho alikuwa ameshatoka. Jambo la ajabu ni kwamba hata harusi alizozipamba mwenyewe hakuzitazama. Alimaliza kazi, akazunguka ukumbi kunyoosha hapa na pale, na bibi harusi alipokaribia mlango wa mbele, mpambaji alikuwa anatokea wa nyuma. Mabibi harusi wengi wa kambi hii hawakupata kuonana naye siku yao.

Kuwaaga wasafiri ndiyo kazi aliyoifanya kwa ukimya. Faili lake lilikuwa limekwama miaka mingi ofisini, kama mafaili ya wengi wetu, na watu waliofika kambini nyuma yake walikuwa wanamwita aje kupamba sherehe za kuondoka kwao. Hakukataa hata mmoja. Alipuliza, akafunga, akatundika, na akiulizwa yake lini, alijibu kwamba akienda yeye nani atapamba. Watu walicheka, naye alikuwa ameshageuka anatafuta ngazi.

Lililonishangaza zaidi ni kwamba mtu huyu aliyeishi kwa maputo aliogopa mlio wa puto likipasuka. Hakuogopa kama watoto, wanaoshtuka na kucheka papo hapo. Mabega yake yalipanda hadi masikioni yakabaki huko, na midomo ikabadilika rangi. Baada ya sherehe watoto walipotaka kuyakanyaga maputo aliwafukuza. Aliyafungua moja moja, akivuta uzi kwa meno na kubana shingo ya puto kwa vidole ili hewa itoke polepole. Ndiyo sababu aliyafunga kwa uzi wala hakuyapiga fundo. Mke wangu alimuuliza siku moja kwa nini, katika kazi zote, alichagua hiyo. Alisema aliichagua kwanza, woga ukaja baadaye. Halafu akasema hapana, woga ulitangulia. Halafu akasema ameacha maji jikoni yanachemka, akaondoka. Tulitazama upande wake na hatukuona moshi.

Haya yote yalikuwa mambo ya jirani na jirani, mpaka harusi ya Area 49, mtaa wa Lilongwe.

Ilikuwa mwezi wa tisa, wakati asubuhi za Dzaleka bado zina baridi ya kuuma vidole na mchana joto limeshafika. Bibi harusi alikuwa binti wa ukoo wa Fizi uliohamia Lilongwe zamani, na bwana harusi Mnyarwanda mwenye duka. Mimi nilikuwa nimetangulia mjini, nahangaika kwenye ofisi za serikali huko Capital Hill na karatasi za kutambuliwa kwa diploma yangu, kwa hiyo yaliyotokea asubuhi kambini nilisimuliwa na mpambaji mwenyewe. Aliyajaza maputo alasiri ya siku iliyotangulia, akayalaza ndani ya chandarua kikubwa. Alfajiri aliyakuta yamenywea, ngozi imelegea, mengine yana mikunjo kama uso wa mzee. Aliona aibu kuyapeleka mjini katika hali hiyo. Akafungua uzi wa kila moja, akaongeza hewa mpaka likakaza na kung'aa, akafunga upya. Kisha gari likaja, wakapakia, wakaenda.

Ukumbi ulikuwa na paa la bati bila dari. Alitundika mafungu ya maputo juu kabisa, karibu na mabati, na mengine akayapanga kuwa tao la kupitia maharusi. Nilipoingia niliona kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya. Nje jua lilikuwa limesimama utosini. Kwaya ilipoanza na bibi harusi akaingia na watu wake, mpambaji alikuwa bado ndani, kwa sababu mlango wa nyuma ulikuwa umezibwa na meza za chakula.

La kwanza lilipasuka juu ya kwaya. Baadhi yao waliendelea kuimba. Likapasuka la pili, halafu la tatu na la nne kwa pamoja, halafu fungu zima karibu na bati likaanza kupasuka mfululizo, bila nafasi katikati.

Watu wa Fizi wote walikuwa chini. Hakuna aliyeambiwa alale. Wazee, akina mama na watoto wachanga migongoni, wanakwaya na majoho yao, wote walikuwa wamelala sakafuni, na baadhi ya Wanyarwanda pia. Mimi nilikuwa chini. Sikumbuki nilivyoshuka. Wageni wa Kimalawi walibaki wamesimama, chupa za soda mikononi, wakitutazama bila kuelewa. Bibi yake bibi harusi, ambaye sote tulimwita Koko, alikuwa amemvuta mjukuu wake kwa gauni, akamwingiza chini ya meza na kumlalia juu.

Mtu mmoja tu wa kwetu alikuwa amesimama. Mpambaji alikuwa amepanda juu ya kiti, mabega yamefika masikioni, anang'oa nyuzi kwa meno. Alifungua puto moja, hewa ikampiga usoni, akalitupa, akachukua lingine. Moja lilimpasukia shavuni. Alifumba macho, akaendelea huku ameyafumba. Hakushuka mpaka hapakuwa na hata moja lililobaki. Kisha akapita katikati yetu tuliokuwa tunajizoazoa, akatoka nje, akashika barabara kwa miguu. Mtu mwenye gari alimkuta mbali sana, njia ya Mponela, akamchukua.

Koko aliinuliwa akakalishwa. Gauni la bibi harusi lilikuwa limechanika begani. Koko alisema, bila kupaza sauti, kwamba vile vitu visiletwe tena mahali alipo yeye. Juma lililofuata wazee wa jamaa zetu walikutana wakakubaliana kwamba harusi zetu na kanisa letu vipambwe kwa vitambaa na karatasi tu.

Hakuna aliyemtukana mpambaji. Labda angetukanwa angepumzika. Kilichomsumbua ni kutojua. Alitembea mwezi mzima akitafuta mkosaji. Kwanza alisema ameuziwa maputo mabovu. Akarudi nayo dukani Lilongwe, akalipuliza moja mbele ya mwenye duka, wakalitazama wote wawili, na puto likakaa salama kabisa katika ubaridi wa duka lile. Halafu akasema kuna mtu aliyatoboa kwa wivu. Halafu akanunua aina nyingine, akapata kazi ya kupamba ufunguzi wa duka la mfanyabiashara wa tumbaku Mponela, akayaweka barazani, na saa za mchana yakapasuka vilevile. Watu wa Mponela walicheka na kupiga makofi. Hilo nalo alilirudia mara nyingi, kwamba ni mlio uleule, lakini kule walicheka.

Ndipo akaja kwangu. Nilikuwa uani nasahihisha kazi za kidato cha tatu. Alisimama, akakaa, akasimama tena.

"Prof, mi niulize kitu ya shule."

Nikamwambia aulize.

"Hii hewa, jioni iko inatosha. Asubui napata imepunguka, na uzi njo ileile, imekaza. Inaendaka wapi?"

"Haiendi popote, mama."

"Na muchana inarudi. Inatokaka wapi?"

"Haitoki popote. Ni hewa ileile, haikupungua wala haikuongezeka."

Alinitazama kama mtu anayedhihakiwa. Maneno yalikuwa hayatoshi, kwa hiyo nilichukua chupa tupu, nikavisha puto legevu mdomoni mwake, nikamwomba mke wangu maji ya moto kwenye beseni. Nilipoitumbukiza chupa, puto lililokuwa limelala likainuka, likajaa kidogo, likasimama wima. Nikaihamishia chupa kwenye ndoo ya maji ya kisima, puto likanywea na kulala. Mpambaji akaninyang'anya chupa. Aliihamisha yeye mwenyewe, moto, baridi, moto, baridi, mpaka maji ya moto yakapoa na ya baridi yakapata uvuguvugu, na puto halikujua tena liende wapi.

Nilimweleza kama ninavyowaeleza wanafunzi wangu, ila pole pole zaidi. Hewa ni chembe ndogo zisizohesabika, na kila moja inakimbia. Zikipata joto zinakimbia zaidi, zinagonga ngozi ya puto kwa nguvu zaidi. Nje ya puto kuna hewa nyingine inayosukuma kuelekea ndani, na msukumo huo wa nje haukubadilika tangu jana. Basi puto, kwa kuwa ni laini, linatanuka mpaka ndani na nje vikae sawa tena. Shinikizo ni lilelile, ila nafasi imekuwa kubwa. Joto likipanda, ujazo unapanda nalo kwa uwiano wake, likishuka, unashuka. Jambo lenyewe si kubwa sana. Kutoka baridi ya alfajiri yetu hadi joto la chini ya bati, hewa inataka nafasi zaidi kwa karibu sehemu moja ya kumi. Lakini puto lililokazwa mpaka mwisho alfajiri halina hiyo sehemu ya kumi ya kutoa.

"Kwa hiyo asubui haikukuwa pungufu," alisema.

"Haikuwa pungufu. Ilikuwa imejikunja kwa baridi."

"Na mi nikaiongezea."

Alizunguka ua mara kadhaa, akarudi.

"Na kama iko mu kintu ya chuma? Haiwezi kukuwa mukubwa?"

Nilimwambia kwenye chuma haipati nafasi, kwa hiyo inasukuma tu kuta, zaidi na zaidi kadiri joto linavyopanda.

"Afazali balo," alisema.

Halafu akauliza itakuwaje baridi ikizidishwa, ikizidishwa tena na tena. Swali hilo wanafunzi huuliza mara chache. Nilimchorea mstari ardhini kwa kijiti, unashuka pamoja na baridi kuelekea mahali ambapo hewa isingekuwa na ukubwa wowote. Nikamwambia mahali hapo hapajafikiwa na mtu, kwamba hewa yenyewe hugeuka kimiminika kabla ya kukaribia huko, na wataalamu wanasema hata kule chini kabisa chembe hazitulii moja kwa moja.

"Hakuna pahali binatulia?"

"Hakuna."

"Bizuri," alisema. "Mi nilizania niko peke yangu."

Kuanzia hapo hatukupata amani. Alibisha asubuhi kuuliza kama puto jeusi linapata joto kuliko jeupe, na nikalazimika kusema ndiyo, likiwa juani. Alibisha mchana akiwa na maputo mawili, moja la kivulini na moja la juani, tulinganishe. Aliazima kipimajoto cha shule mpaka mwalimu mkuu akanitaka nieleze kilipo. Mwishowe alikata waya, akakunja pete mbili, moja ndogo na moja kubwa kidogo. Puto la alfajiri lilitakiwa kupita kwenye pete ndogo bila kukwaruza, hata kama lingeonekana limelegea. Puto la mchana lilitakiwa kujaa pete kubwa. Aliyatengeneza, akayatundika chini ya bati lake, akasimama nje mlangoni joto lote la mwezi wa kumi, mabega juu, akisubiri. Mke wangu alimpelekea maji akanywa amesimama. Hayakupasuka. Siku iliyofuata akarudia, kwa sababu hakuiamini siku ya kwanza.

Nilimwita darasani kwangu aje na pete zake. Alifundisha vizuri kuliko nilivyotarajia, akizunguka madawati, akimpa kila mtu puto ashike, na kabla kengele haijalia alikuwa ameshakwenda. Wanafunzi waliniuliza atarudi lini.

Lakini darasa halikuwa analolitaka. Alimtaka Koko.

Koko alikuwa anaishi huku Dzaleka na mwanawe, upande wa pili wa soko. Mpambaji alinisihi nimsindikize ili nimweleze bibi kisayansi kilichotokea. Tulienda Jumamosi asubuhi. Koko alikuwa mkekani anapepeta maharage. Alipoona alichokuja nacho mpambaji aliacha ungo. Nikaanza kueleza habari za chembe na joto, na Koko akaniinulia kiganja.

"We Prof, ngoja kwanza. Sitaki shule. Nataka kuona."

Basi mpambaji akajaza puto moja, jeupe, akalipitisha kwenye pete ndogo, akalifunga. Koko alimwagiza aliweke mbali, kule penye mti wa kuanikia nguo, juani. Alilifunga pale. Koko akaziba masikio kwa vidole, akaketi hivyohivyo akilitazama. Mpambaji hakuweza kukaa. Alitembea kutoka ukutani hadi jikoni, jikoni hadi ukutani. Mimi nilichukua ungo nikapepeta maharage, kwa kukosa la kufanya.

Jua lilipanda. Puto lilianza kukaza, mikunjo ikaisha, likawa la mviringo na kung'aa. Koko alilikazia macho.

"Inakuwa mukubwa," alisema.

"Iko na nafasi bado, Koko," mpambaji alijibu. "Niliiachia nafasi."

Baada ya muda mrefu Koko alitoa kidole sikio moja, akasema, "Sogeza kidogo." Mpambaji akalisogeza hadi katikati ya ua. Tukangoja. "Sogeza tena." Akalisogeza hadi ukingoni mwa mkeka. Jua lilikuwa utosini sasa, hata kivuli chetu kilikuwa kimejificha chini ya miguu. Mpambaji alisimama nyuma ya Koko, na kwa jinsi nilivyomjua niliona kwamba anajizuia asikimbie. Koko alinyoosha mkono akaligusa puto kwa ncha ya kidole. Lilikuwa la moto. Akalivuta, akaliweka mapajani.

Mpambaji aliinama kulitazama.

"Ile siku sikujiogopea mi," Koko alisema. "Mi nimezeeka. Niliogopea mutoto. Kule Fizi, risasi zilipolia mara ya kwanza, sikufika kwa mama yake mapema."

Mpambaji alisema, "Mi pia, Koko. Sikufika." Hakusema kwa nani. Ndilo neno pekee nililowahi kumsikia akilisema juu ya huko nyumbani, na Koko hakumwuliza zaidi. Alilibonyeza puto kidogo kwa viganja viwili, likarudi kujaa.

Tulipoaga, Koko aliomba aachiwe lile puto. Kesho yake alimtuma mjukuu kuja kusema kwamba limenywea alfajiri, lakini yeye hakuliongezea kitu, alilingoja tu, na saa nne lilikuwa limeshajaa tena. Na kwamba mwezi ujao kuna kitukuu anabatizwa, mpambaji aje, lakini aje na ya asubuhi.

Wazee walisita, na Koko akawaambia walioogopa wakae nje. Ubatizo ule ulipambwa kwa maputo meupe na ya buluu, madogo, malegevu, ambayo watu walipoingia kanisani waliyaona hayana uhai. Ibada ilikuwa ndefu, na kadiri bati lilivyopata joto maputo yalinyooka moja moja juu ya vichwa vyetu, taratibu, mpaka mtoto anapomwagiwa maji, yote yakawa yamejaa. Nilitazama dirishani nikamwona mpambaji nje, mabega juu, anasubiri mlio. Alisimama hapo mpaka watu wakatoka wakala wakaanza kutawanyika. Koko alimpelekea sahani kwa mkono wake mwenyewe.

Baada ya hapo kazi zilimjia tena, na nyingi zikawa za mjini. Alihamia Lilongwe, akapanga chumba Area 49, sehemu ya Gulliver, kisha akahamia New Shire, kisha akarudi Gulliver. Alipamba siku za kuzaliwa za watoto wa watu wa ofisini. Nikienda Capital Hill kuuliza karatasi zangu, ambazo hazikuwa tayari, nilipita kumsalimu na mara nyingi sikumkuta. Jirani zake walisema ametoka sasa hivi. Nyumba yake hapa kambini aliiachia familia ya Warundi waliofika na watoto wengi.

Ikaja amri ya serikali kwamba wakimbizi wanaoishi mjini warudi kambini. Nadhani kila mtu hapa anakumbuka majuma yale, magari yakishusha watu na magodoro, maduka ya watu yakiwa yamefungwa huko nyuma na wenyewe hawajui kilichobaki ndani. Nilikuwa nakwenda kila siku mahali walipokuwa wanashushwa, nikitafuta nyuso ninazozijua. Siku moja alishuka yeye. Alikuwa na begi moja na pampu ya mguu. Nywele zilikuwa zimeingia mvi ambazo sikuwahi kuziona, na upande mmoja wa uso ulikuwa na vumbi tangu kwenye paji hadi kidevuni, kama aliyelala akiegemea ubao wa gari.

Nilimpa pole. Nikamwambia kwetu kuna nafasi, mke wangu anamngoja. Akakubali, akanifuata, na njiani alikuwa mbele yangu. Tulipofika kwenye ile nyumba yake ya zamani, mama wa Kirundi alitoka, akamtambua, akaanza kukusanya vyombo ili ampishe. Mpambaji alimzuia. Alimwambia batoto ni wengi, abaki, yeye atajenga.

Alilala kwetu. Asubuhi mke wangu alikuta matandiko yamekunjwa, mtu hayupo. Niliporudi kutoka shule nilikwenda kumtafuta, nikamkuta mbali, ukingoni kabisa mwa kambi, kwenye kiwanja kikavu kilichotazama barabara ya kwenda Dowa. Alikuwa ameshapata ruhusa ya kukitumia, sijui kwa njia gani. Alikuwa amechimba shimo, amemwaga maji, amepandisha kitenge magotini, anakanyaga udongo wa matofali. Kabaza, baiskeli za kubeba abiria, zilikuwa zinapita zikipiga kengele, na kila iliyopita aliinua kichwa kuitazama.

Nilimwambia viwanja vizuri viko ndani, karibu na kisima, karibu na sisi. Hapa kuna vumbi, na upepo wa mwezi wa nane utamwondolea bati. Kwa nini barabarani namna hii?

"Ili bakiniita nisichelewe," alisema.

Sikumwuliza nani atamwita. Inaweza kuwa watu wa harusi, inaweza kuwa ofisi yenye faili lake, inaweza kuwa mwingine. Alikuwa ameshageuka anakanyaga upande wa pili wa shimo, ambako udongo ulikuwa bado mgumu. Nilivua viatu, nikakunja suruali, nikaingia kwenye tope nikaanza kukanyaga upande wangu.